Tabia isiyo ya kawaida

Tabia isiyo ya kawaida katika saikolojia ni mwenendo, fikra au hisia zinazotofautiana na zile zinazotarajiwa katika jamii, hasa zinapomsumbua mtu, kumzuia kuendesha maisha yake au kumhatarisha yeye na wengine. Hakuna fasili moja inayokubaliwa na wanasaikolojia wote, hivyo hutumia vigezo kadhaa kwa pamoja. Uamuzi huo una uzito: unaweza kumpa mtu matibabu anayoyahitaji, au kumnyima heshima na uhuru wake bila sababu.

## Vigezo na mipaka yake

Uchache wa kitakwimu. Tabia huhesabiwa kuwa si ya kawaida ikiwa ni nadra. Kwa mfano, katika vipimo vya akili vyenye wastani wa 100, takriban watu 2 kati ya 100 hupata chini ya 70. Hata hivyo, wanaozidi 130 ni wachache vilevile na hakuna anayewaita wagonjwa. Kwa upande mwingine, sonona inawapata watu wengi, lakini wingi huo hauifanyi kuwa afya. Vilevile, mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipoenea Pemba na Unguja, watu wengi walilala nje kwa makundi. Kwa hesabu ya wakati ule, hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Kukiuka kanuni za jamii. Kanuni hubadilika kulingana na mahali, wakati na hali. Mtu anayesema peke yake kwa sauti katika kituo cha daladala cha Kiembe Samaki, Unguja, huenda akatazamwa kwa wasiwasi. Akiwa na simu, hakuna anayemjali. Maneno hayohayo yakisemwa katika ngoma ya pepo, waliohudhuria huyachukua kuwa ya pepo na huyajibu. Mwanaanthropolojia Ruth Benedict wa Marekani alitoa hoja ya namna hii mwaka 1934: linaloonekana wazimu katika jamii moja laweza kuheshimiwa katika nyingine.

Dhiki ya mtu mwenyewe. Kigezo hiki humsikiliza mhusika. Lakini mjane aliye katika eda ana huzuni kubwa bila kuwa mgonjwa, na mtu mwenye msisimko uliopita kiasi anaweza kujiona ana furaha huku akitapanya mali yake yote.

Kushindwa kumudu maisha. Hapa huangaliwa kama mtu anaweza kujitunza, kufanya kazi na kuishi na wenzake. Udhaifu wake ni kwamba mtu anaweza kushindwa kwa sababu ya umaskini au ukosefu wa ajira, si kwa sababu ya akili yake.

Kupungukiwa na afya bora ya akili. Mwaka 1958 Marie Jahoda alitaja sifa za afya ya akili, zikiwemo kujikubali, kujitegemea na kuuona uhalisia ulivyo. Ni wachache wanaozitimiza zote, na si kila jamii inayothamini kujitegemea kuliko kutegemeana na ndugu.

Mwaka 1992 Jerome Wakefield alipendekeza kuunganisha mambo mawili: pawepo kasoro katika utendaji wa akili, na kasoro hiyo ilete madhara. Wakosoaji wake husema kuwa kuamua lipi ni dhara bado kunategemea maadili ya jamii.

## Zanzibar

Mjini Unguja wagonjwa wa akili hutibiwa katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, lakini familia nyingi huwaendea pia waganga na masheikh. Kjersti Larsen wa Norwei, katika kitabu chake cha mwaka 2008, alieleza jinsi mashetani wa Zanzibar wanavyojulikana kwa kabila, dini na jinsia zao. Mtu anayepandwa nao kwa utaratibu huo hahesabiwi kuwa mwenda wazimu.

Juli McGruder wa Marekani alichunguza familia za Zanzibar zenye mgonjwa wa skizofrenia. Aliona kuwa maelezo ya pepo yaliweza kumwondolea mgonjwa lawama na kumbakiza ndani ya familia. Hatari yake ni kwamba maelezo hayohayo yanaweza kumchelewesha mtu kupata dawa.

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, inatambua tofauti hii. Kupagawa huhesabiwa kuwa ugonjwa pale tu kunapotokea bila hiari ya mtu, nje ya desturi au ibada inayokubalika, na kumletea dhiki au madhara.

## Matumizi mabaya

Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Marekani aliita hamu ya watumwa kutoroka kuwa ni ugonjwa. Nchini Kenya, J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1954 ripoti kuhusu Mau Mau kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Alitilia mkazo mashaka ya watu waliokuwa wakiachana na mila zao. Wakosoaji wanasema mtazamo huo ulififisha madai ya ardhi na uhuru.

## Uamuzi wa kitabibu

Kwa sababu kila kigezo kina upungufu, mtaalamu hauamui ugonjwa kwa tabia moja. Huuliza imedumu kwa muda gani, imemzuia mtu kufanya nini, nani anaumia, na watu wa jamii yake mwenyewe wanaionaje.