Asili na Matumizi ya Neno 'Sigh' la Kiingereza

Mara kwa mara twasikia wanafunzi wakisema kwamba Kiswahili hakina neno la kufasiria 'sigh' la Kiingereza. Wengine huandika 'kuhema' na kuendelea mbele. Lakini kuhema ni kwa aliyekimbia au kupanda mlima. 'Sigh' ni kwa mwenye jambo moyoni. Yafaa basi tulifuate neno hili tangu asili yake.

Lilitokana na kitenzi 'sican' cha Kiingereza cha kale. Katika karne za kati liliandikwa 'sighen', na 'gh' ilitamkwa kooni, karibu na 'kh' yetu katika 'kheri'. Neno lenyewe lilikuwa na mlio wa pumzi. William Caxton alianzisha uchapaji nchini Uingereza mwaka 1476, na polepole tahajia ikatulia. Matamshi, hata hivyo, yaliendelea kubadilika, hata sauti ile ikatoweka. Herufi zake zimebaki, lakini hazitamkwi tena.

Zama za Shakespeare, Waingereza waliamini kwamba kila pumzi ya namna hiyo huutoa moyo tone la damu. Si ajabu basi kwamba neno lilishikamana na huzuni na mapenzi. Lilitumika pia kwa shauku ya kitu kilicho mbali, kwa faraja baada ya hofu, na hata kwa upepo uvumao taratibu mitini.

Jinsi wafasiri walivyohangaika na maana hii yaonekana katika Zaburi ya 90, aya ya 9, panapotajwa miaka ya binadamu inavyokwisha. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliilinganisha miaka hiyo na hadithi inayosimuliwa. Mwaka 1952 tafsiri iitwayo Revised Standard Version ilitumia 'sigh'. Mwaka uo huo ilitoka Biblia ya Kiswahili ya Union Version, nayo ikatumia 'kite'. Hapo wafasiri wa Kiswahili hawakupungukiwa na neno. Kite ni sauti imtokayo mtu mwenye maumivu au majonzi, nayo hupita upesi kama miaka yetu.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu wamwulize mwanafunzi kwanza: pumzi hii yatokana na nini? Ikiwa ni faraja au uchovu wa moyo, 'kushusha pumzi' yatosha. Ikiwa ni maumivu au majonzi mazito, 'kupiga kite' ndiyo yafaayo. Ikiwa ni shauku, tuiache pumzi kabisa, tuseme 'kutamani' au 'kuwa na hamu'. Upepo nao huvuma.

Mwanafunzi akizoea kuuliza hivyo, hatasema tena kwamba Kiswahili hakina neno. Ataona kuwa kazi yake ni kuchagua lililo sahihi miongoni mwa mengi.