Odhiambo kwenye ukuta

Kuna jamaa wa mkokoteni hapa 46 ambaye huvaa jezi ya mitumba, buluu iliyopauka, mgongoni imeandikwa JONES 71. Asubuhi utampata Naivasha Road na mitungi ya maji, anasukuma huku akiitisha njia: "Mzigo! Mzigo!" Makanga wanamtukana, bodaboda wanamkata mbele. Siku moja nilimuuliza kama anamjua huyo Jones. "Si ni mchezaji flani," akasema. "Nilimnunua soo."

Huyo mchezaji flani ni Walter Jones, na stori yake inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwa futiboli ya Marekani, ile ya helmeti, timu yenye mpira huweka watu watano wakubwa mbele ya mrusha mpira. Kazi yao ni kuwa ukuta. Kanuni haziwaruhusu kudaka pasi ya mbele, isipokuwa kwa mpango maalum ambao refa lazima aambiwe kwanza. Hawafungi, hawaimbwi. Mrusha mpira ana yadi zake na mkimbiaji ana alama zake. Mtu wa ukuta, ukitafuta takwimu zake, utapata makosa: mara ngapi aliadhibiwa, mara ngapi mrushaji wake aliangushwa. Siku akifanya kazi yake vizuri, hakuna kitu cha kuandika.

Timu ya Washington ndiyo iliwapa watu hawa jina. Mwaka 1982 kocha wa ukuta, Joe Bugel, aliwaita wachezaji wake Nguruwe. Badala ya kukasirika, walilipenda, na mashabiki wakaanza kuja uwanjani na pua za nguruwe za plastiki. Halafu ikaja usiku wa Novemba 18, 1985. Joe Jacoby, aliyezoea kulinda kushoto, hakucheza kwa sababu ya jeraha. Lawrence Taylor wa New York Giants akamfikia mrushaji Joe Theismann na mguu ukavunjika, TV ikionyesha. Theismann hakucheza tena. Mrushaji anayetumia mkono wa kulia huwa amegeuzia kushoto mgongo, haoni nani anakuja. Miaka iliyofuata, hasa baada ya 1993 wachezaji walipopata uhuru wa kuhama timu, mlinzi wa kushoto akawa kati ya watu wanaolipwa vizuri zaidi uwanjani. Yaani ilibidi mtu avunjike ndio ukuta uonekane.

Jones alichukuliwa na Seattle Seahawks mwaka 1997, akasimama kushoto hadi 2008. Mechi 180. Kwa hesabu ya makocha wake, katika pasi zaidi ya 5,500 aliruhusu mrushaji aangushwe mara 23 tu, na aliadhibiwa kwa kushika mpinzani mara 9. Mwaka 2014 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa mara ya kwanza alipostahili kupigiwa kura. Msimu ukiisha, alirudi kwao Alabama kufanya mazoezi. Mazoezi yenyewe? Kusukuma gari kubwa, injini imezimwa, kwa mikono.

Sasa sikia hii. Mwaka 2016, Seattle hiyo hiyo ilimchagua kijana kutoka Chuo Kikuu cha Boise State, raundi ya tatu, nambari 97. Anaitwa Rees Odhiambo. Amezaliwa Nairobi. Ita jina hilo kwa steji ya 46 uone vichwa vingapi vitageuka.

Miaka mitatu kabla, magazeti yetu yalikuwa yamemshangilia Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts. Huyo alikuwa upande wa kushambulia mwenye mpira, mbio na kugonga, vitu vinavyoonekana. Odhiambo aliangukia kazi isiyoonekana. Mwaka 2017 mlinzi wa kushoto George Fant aliumia goti kabla msimu uanze, na mtoto wa Nairobi akapewa nafasi ya Walter Jones.

Haikuwa rahisi. Oktoba 1 waliwapiga Colts 46-18, na baada ya mechi Odhiambo akakimbizwa hospitali, kifua kimeumia. Alama 46 zikaandikwa kwa majina ya waliozifunga. Kifua kilikuwa cha Odhiambo. Alirudi akacheza tena. Alianza mechi saba msimu ule, kisha mwisho wa Oktoba Seattle wakamnunua Duane Brown, mkongwe wa Houston, na nafasi ikaenda.

Kuna watakaosema hakuwa mkubwa, na ni kweli, hakuwa Jones. Lakini sisi Wakenya tumezoea kuhesabu wanaokata utepe tu. Oktoba 2019 kule Vienna, Kipchoge alipokimbia 1:59:40, kulikuwa na wakimbiaji 41 wa kumpangia mwendo na kumkinga upepo. Tulichapisha hiyo saa kwa matishati. Taja watano kati ya hao 41.

Wiki jana nilimpata jamaa wa jezi amepumzika kando ya barabara, nikampa stori yote, hadi ile ya kusukuma gari.

"Na alikuwa analipwa?"

"Mamilioni ya dola."

Akacheka sana. Halafu akaangalia mlima ulio mbele, akashika mkokoteni. "Basi shika hapo nyuma," akaniambia. "Mimi nalipwa kwa mtungi."