Kiambishi awali: ndani ya ngozi, chini ya ngozi

Kiambishi awali ni kipande kinachopachikwa kabla ya mzizi wa neno. Mswahili anakijua tangu utotoni: katika "alisoma" kuna viwili, a- na -li-, ndipo unaufikia mzizi. Ila sisi tumezoea kipande cha mbele kitutajie nafsi, njeo au ngeli. Kitendo chenyewe tunakigeuzia mkiani: funga, fungua, ziba, zibua. Kilatini hukigeuzia mbele. Iacere ni kutupa; inicere, kutupia ndani; reicere, kutupa nyuma. Kwa hiyo anayepasua istilahi ya Kilatini aanze kichwani mwa neno.

Kwenye chanjo kosa la kiambishi huonekana kwa macho. Ya kifua kikuu, BCG, huchomwa ndani ya ngozi, na jina la kitabibu la njia hiyo huanza na intra, yaani ndani. Ya surua huchomwa chini ya ngozi: sub ni chini, cutis ni ngozi. Muuguzi akichoma BCG ipasavyo, sindano ikiwa karibu imelala, panainuka kiuvimbe kidogo cheupe papo hapo. Dawa ikizama chini zaidi, kiuvimbe hakitokei, na baadaye mtoto anaweza kuota jipu. Kiswahili hakina kiambishi cha kazi hii, kwa hiyo istilahi inakuwa kirai kizima, "chini ya ngozi". Ni ndefu, sawa, lakini hata mama aliyempakata mtoto anaielewa.

Mtego upo kwenye in-. Katika inicere ni "ndani". Katika immunis, ambako n imegeuka m kwa kufuata jirani yake, ni ukanushi: asiye na munus, yaani wajibu wa umma. Roma ya kale ilimwita hivyo mtu aliyesamehewa utumishi au kodi. Matabibu walilichukua neno baadaye kwa mwili usioshikwa na ugonjwa fulani. Hapo mizizi inakupa historia ya neno, matumizi ya leo uyatafute kwingine. Kiswahili hakikuifuata mizizi hiyo. Kilichukua kitenzi chake, kukinga, kikapata kinga. Tungetafsiri kipande kwa kipande, kirefu cha UKIMWI leo kingekuwa upungufu wa msamaha wa kodi mwilini.