Mkasi Uliokata Majina: Nani Hasa Alitengeneza Maua ya Albamu Zako za Kidijitali?

Fungua folda ya Downloads kwenye simu au laptop yako sasa hivi. Kuna uwezekano mkubwa utakutana na ua lenye jina la ajabu ajabu, fremu ya dhahabu uliyoipakua mwaka juzi kwa ajili ya birthday ya shosti, na fonti kibao ambazo hukumbuki hata ulizitoa wapi. Sasa jiulize swali moja tu: hilo ua alilitengeneza nani?

Kimya, eti?

Usijilaumu sana. Swali hilo limewasumbua wapenda albamu tangu enzi za mkasi na gundi, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Na historia yake imejaa watu ambao kazi zao ziko kwenye albamu za familia nyingi, lakini majina yao hakuna anayeyataja.

Enzi za mkasi na gundi

Skrapbuku ni ile albamu ambayo ukurasa wake mmoja una picha, maandishi ya mkono, tiketi ya treni, kadi ya mwaliko, ua lililokaushwa, yaani chochote chenye kumbukumbu, vyote vimebandikwa kwa mpangilio wa kuvutia. Karne ya 19 huko Uingereza na Marekani mchezo huu ulikuwa umeshika kwelikweli. Hata Mark Twain, yule mwandishi maarufu wa Marekani, mwaka 1873 alipata hataza ya skrapbuku yenye kurasa zilizopakwa gundi tayari. Mtu analowesha kidogo, anabandika, kazi imeisha.

Mapambo yake yalitoka wapi? Mengi yalichapwa Ujerumani. Mafundi walichapa rangi moja juu ya nyingine kwa kutumia mawe maalumu, kisha vipande vikakatwa kufuata umbo la malaika, waridi, paka au mtoto mwenye mashavu mekundu. Viliuzwa vikiwa bado vimeshikana kwenye karatasi moja. Kilichovishikanisha ni vijipande vyembamba, kama ngazi ndogo za karatasi, na mara nyingi kwenye ngazi hizo ndipo palipochapwa jina au herufi za kiwanda.

Umeona mchezo unavyoenda? Binti ananunua karatasi yake, anachukua mkasi, anakata waridi safi kabisa, ngazi inatupwa. Waridi linaingia kwenye albamu, jina linaingia kwenye pipa la taka. Na hapo ni jina la kiwanda tu. Yule aliyekaa na brashi yake akalichora waridi lenyewe, mara nyingi hata kwenye ngazi hakuwepo.

Mama wa Utah na albamu zake 50

Rukia mwaka 1980, mjini Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Kanisa la Wamormoni, ambalo waumini wake wanahimizwa sana kutunza historia za familia, liliandaa mkutano wa kimataifa kuhusu kumbukumbu. Mama mmoja wa jimbo hilo hilo akaweka mezani albamu za familia yake, zaidi ya 50. Watu wakabaki midomo wazi. Mwaka uliofuata familia yake ikafungua duka la vifaa vya skrapbuku katika mji mdogo wa Spanish Fork, na kufikia miaka ya 1990 skrapbuku ilikuwa biashara kubwa Marekani.

Ishu kubwa ya wakati huo ilikuwa asidi. Karatasi za kawaida na zile albamu za kurasa zenye gundi ya kunata zilikuwa zinaharibu picha taratibu: karatasi inageuka njano, picha inagoma kubanduka. Kwa hiyo mtu makini alitaka kujua karatasi yake imetoka wapi na imetengenezwa kwa nini. Kufuatilia hakukuwa kazi ngumu, maana pakiti ilikuwa na jina la kampuni. Na stika zikiisha, zimeisha. Ukinunua 12, ukabandika 12, hakuna kilichobaki cha kufuatilia.

Kompyuta ndiyo iliyovuruga hesabu hiyo.

Stika isiyoisha

Mwaka 1994 Photoshop toleo la 3 lilileta matabaka: ukaweza kuweka picha chini, ua juu, kivuli katikati, na kuhamisha kila kimoja bila kugusa kingine. Mwaka 1996 likaja faili la PNG, ambalo linaruhusu sehemu za picha kuwa wazi kabisa, hivyo ua halikuja tena na boksi jeupe nyuma yake. Mwaka 2001 ikatoka Photoshop Elements, ya bei nafuu kwa watu wa kawaida. Changanya na kamera za kidijitali zilizokuwa zinaingia majumbani, ukapata skrapbuku isiyohitaji gundi wala meza.

Hapo ndipo walipotokea wabunifu wa seti. Wengi walikuwa wanawake waliofanya kazi nyumbani kwao, wakijulikana mtandaoni kwa jina la kwanza tu au kwa jina la utani. Mbunifu anatengeneza karatasi kadhaa za nyuma, kila moja inchi 12 kwa 12, pikseli 300 kwa kila inchi, yaani 3,600 kwa 3,600. Anaongeza mapambo: riboni, vifungo, maua, fremu, herufi. Anafunga vyote kwenye faili moja la zip na kuliuza. Nyingine waligawa bure kabisa.

Tofauti na stika za dukani, riboni ya kwenye kompyuta haiishi. Ukinunua mara moja unaitumia mara elfu. Na mtu akitaka, anamtumia rafiki, rafiki naye anatuma kwa kundi, na mbunifu anabaki anashangaa mbona kazi yake iko kila mahali na pesa hazionekani. Ndiyo maana ndani ya zip kulikuwa na faili dogo la maandishi lenye masharti: je, ni kwa matumizi ya nyumbani tu? Je, unaweza kutengenezea wateja albamu kwa malipo? Je, unaweza kulitumia pambo kutengeneza seti yako mwenyewe na kuiuza? Hayo ni mambo matatu tofauti, na seti mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na majibu tofauti kabisa.

Wabunifu wengi waliongeza ujanja mwingine: walianza kila jina la faili kwa herufi za jina lao. Yaani ile ngazi ya karatasi waliigundisha kwenye ua lenyewe.

Mkasi mpya unaitwa "Layer 1"

Lakini mkasi nao ulikuwa umeshabadilika. Ukifungua ua la PNG ndani ya Photoshop kisha ukaliburuta kwenda kwenye ukurasa wako, mara nyingi linafika likiwa na jina "Layer 1". La pili linakuwa "Layer 2". Ukifika la 30 hujui tena lipi ni la nani. Wajanja waligundua kwamba ukiliingiza kwa amri ya Place, tabaka linabeba jina la faili, pamoja na zile herufi za mbunifu. Kitendo kidogo, ila ndicho kinachotenganisha ukurasa wenye historia na ukurasa yatima.

Halafu ukihifadhi kama JPEG, matabaka yote yanagandishwa kuwa picha moja. Hapo hakuna Layer 1 wala Layer 30. Ni picha tu. Asiyeandika pembeni alitumia nini, amepoteza.

Kwa hiyo ikazaliwa desturi: anayeweka ukurasa wake mtandaoni anaandika chini yake orodha. Karatasi ya fulani, maua ya seti fulani, fonti fulani. Ilikuwa shukrani, ilikuwa tangazo la bure kwa mbunifu, na ilikuwa ushahidi kwamba mwenye ukurasa hakuiba. Kwa wabunifu wengi wa kipindi kile, orodha hizo ndizo alama yao pekee iliyobaki.

Vita ya folda

Sasa fikiria mtu mwenye seti 100, kila seti ina vitu 50. Hayo ni mafaili 5,000. Anatafuta kifungo chekundu. Atakipataje?

Kukawa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema: seti isivunjwe. Kila mbunifu folda yake, ndani yake kila seti folda yake, pamoja na masharti na picha ya kuonyesha kilichomo. Faida ni kwamba huwezi kusahau kitu ni cha nani. Hasara ni kwamba kifungo chekundu utakitafuta hadi chai ipoe.

Kambi ya pili ilisema: panga kwa aina. Maua yote hapa, vifungo vyote pale, riboni kule. Kifungo unakipata fasta. Ila kwa kuvunja seti unakuwa umechukua mkasi kwa hiari yako: ua limekaa na maua wenzake 800, masharti yamebaki kwenye folda uliyoifuta.

Suluhu ikawa lebo. Faili linabaki nyumbani kwake, ndani ya seti yake, lakini unalibandika maneno: "kifungo", "nyekundu", "Krismasi", jina la mbunifu. Ukitafuta, programu inakuletea bila kuhamisha chochote. Safi sana, ila nayo ilikuwa na mtego. Kuna lebo zinazoandikwa ndani ya faili lenyewe, na kuna zinazokaa kwenye kumbukumbu ya programu tu. Za ndani zinasafiri na faili. Za programu, kompyuta ikifa au programu ikisitishwa, zinakwenda nayo. Google ilipositisha Picasa mwaka 2016, watu wengi walilazimika kuhamia kwingine na kuanza kujiuliza lebo zao zinakaa wapi hasa.

Siku mtandao ulipofuta kumbukumbu

Waliosema "sihitaji kuandika, kila kitu kiko mtandaoni" nao walipata somo. GeoCities, iliyobeba kurasa nyingi za watu binafsi, ilifungwa mwaka 2009. Mwaka 2017 Photobucket ilibadilisha masharti na kudai takriban dola 400 kwa mwaka kwa anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine. Ghafla kurasa za miaka mingi zikabaki na viboksi vitupu. Mwaka 2018 Polyvore, iliyopendwa na vijana kwa kolaji za mitindo, ilifungwa na watumiaji wakapewa muda mfupi wa kupakua kazi zao.

Maduka madogo ya wabunifu nayo yalifungwa moja moja, bila kelele. Linki ikifa, ukurasa wa masharti unakufa nao. Katika hali hiyo anayejua ua ni la nani ni yule tu aliyeitunza zip nzima kama ilivyokuja, au aliyeandika jina kwenye daftari.

Na wewe je?

Leo kazi hii imehamia kwenye simu. Canva, iliyoanza kutumika mwaka 2013, na PicsArt zimemfanya kila mtu Dar, Nairobi au Mombasa kuwa mbunifu: kadi za send-off, poster za birthday, albamu za harusi, picha za kumkumbuka bibi. Kwenye Canva ukifungua maelezo ya pambo utaona jina la aliyelitengeneza. Ukishapakua kazi yako kama picha, jina halipo tena. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inaminywa na taarifa zilizoandikwa ndani ya faili zinaondolewa. Ukiituma kama dokumenti, zinabaki. Ngazi ile ile, mkasi ule ule.

Na si ishu ya adabu peke yake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake. Kadi uliyoitengeneza kwa ajili ya mama yako haitakuletea shida. Lakini siku mteja atakapoipenda na kusema "nichapie 500, nitalipa", swali la ua ni la nani litakuwa swali la pesa.

Waliopitia njia hii waliacha mbinu tatu ambazo hazina gharama. Usiifute zip ya mwanzo. Usibadilishe jina la faili kwa kufuta herufi za mbunifu. Ongeza lako mbele yake. Na kila ukimaliza kazi, andika mistari mitatu kwenye faili dogo la maandishi na uliweke folda moja na kazi hiyo: nini, cha nani, kimetoka wapi.

Ni dakika mbili tu. Yule mchoraji wa waridi la Ujerumani hakupata mtu wa kumpa dakika hizo, na leo waridi lake bado liko kwenye albamu, jekundu vilevile, bila mwenyewe.

Haya wadau, faili la zamani kuliko yote kwenye simu yako ni lipi, na unamkumbuka aliyelitengeneza? Mtaje hapo chini kwenye komenti.