Bustani ya Helgoland

Sisi wa visiwani tunalijua jina la Helgoland kwa sababu moja tu, nayo ni mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Kwa mkataba huo Ujerumani iliridhia Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, na Uingereza ikaikabidhi Ujerumani kisiwa hicho cha Bahari ya Kaskazini. Wengi husema tulibadilishwa. Si kweli, kwani Wajerumani hawakuimiliki Zanzibar hata waitoe. Ila wenyeji wa huku na wa kule, wote hawakuulizwa.

Mwaka huo aliishi Helgoland mzee aitwaye Heinrich Gätke. Alifika mwaka 1837 akiwa kijana mchoraji, baadaye akawa katibu wa gavana wa Kiingereza. Elimu ya ndege alijifunza mwenyewe, bustanini mwake, kwa zaidi ya miaka 50.

Kisiwa hakifiki kilomita 2 za mraba, na miti ilikuwa haba. Ndege aliyechoshwa na bahari hutua penye vichaka vya watu. Vuli kwetu ni mvua. Kwao ni majani kupukutika na ndege kuhama. Katika usiku wa giza wa Oktoba na Novemba, taa ya mnara iliwavuta vipozamataza kwa maelfu, na wenyeji wakapata kitoweo. Mwishoni mwa Oktoba 1882 kilishuka kindege chenye utosi wa manjano, kisichofika uzito wa gramu 8, kikaenea kisiwa kizima, ardhi ikawa kama inatambaa. Kindege hicho kilikuwa kimevuka bahari!

Kitabu chake kilitoka mwaka 1891, bendera ikiwa imekwisha badilishwa. Humo anadai kwamba kuna ndege atokaye Afrika ya kaskazini akafika Helgoland kwa usiku mmoja. Haiwezekani. Lakini hapo alikisia. Aliyoyaona kwa macho aliyaandika kwa uaminifu, nami namheshimu kwa hayo.

Mwaka 1910 Hugo Weigold alianzisha huko kituo cha kuchunguza ndege. Vichaka vya kutegea kitoweo vikazaa mtego mpya, wa kumnasa ndege, kumvisha pete mguuni na kumwachia. Mtego huo ungali ukiitwa kwa jina la kisiwa.

Mbayuwayu hupita Helgoland wakielekea kusini, na vuli ikiingia twawaona Unguja na Pemba. Kama yumo aliyepita kote kuwili, ni pete tu iwezayo kusema.