Tegu: Mgeni Tuliyemleta Wenyewe



Ukiuliza katika vitongoji vya Dar es Salaam, kama vile Kinondoni au Temeke, tegu hutoka wapi, wengi watakujibu, "Hutoka kwa ng'ombe na nguruwe." Jawabu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu. Nusu iliyosalia ndiyo nitakayowaelezeni, maana humo ndimo mlimo kinga.

Tegu ni mnyoo bapa kama utepe, mwenye pingili nyingi mithili ya muwa. Tegu wa ng'ombe aweza kufika mita 5 na kuzidi. Hana kinywa wala tumbo. Hujishikiza kwa kichwa chake katika utumbo wa mtu, akafyonza chakula kwa ngozi yake yote. Pingili zilizopevuka hukatika na kutoka na choo, na kila moja imejaa maelfu ya mayai. Mnyama akila majani au uchafu wenye mayai hayo, hufanyika vifuko vidogo vya maji ndani ya nyama yake. Na mtu akila nyama hiyo haijaiva, hupata tegu, na safari ikaanza upya.

Zamani hata wataalamu walidhani kwamba tegu huzaliwa tumboni mwenyewe tu. Mwaka 1855 Friedrich Küchenmeister, daktari wa mji wa Zittau huko Ujerumani, alimlisha mtu aliyehukumiwa kufa vifuko vya nyama ya nguruwe, bila yeye kujua. Alipokwisha kuuawa, walionekana tegu wachanga katika utumbo wake. Tendo hilo twalichukia leo, maana mtu yule hakuulizwa. Lakini lilidhihirisha njia ya mnyoo. Kisha mwaka 1861 Rudolf Leuckart aliwalisha ndama pingili za tegu aliyetoka kwa mtu, akaona vifuko katika nyama yao.

Basi nani alitangulia kuwa naye, mtu au mnyama wa kufugwa? Mwaka 2001 Eric Hoberg na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya ukoo wa tegu. Walionyesha kwamba ndugu wa karibu wa tegu wa ng'ombe hukaa katika simba, na ndugu wa tegu wa nguruwe hukaa katika fisi, humu humu Afrika. Yaani wazee wetu wa kale sana, walipokula swala na wanyama wengine wa mwituni kama simba na fisi wafanyavyo, walimpata tegu kabla zizi la kwanza halijajengwa. Ng'ombe walipoanza kufugwa, yapata miaka 10,000 iliyopita, ni mtu aliyewaambukiza. Sisi tunamlaumu ng'ombe, kumbe yeye ndiye mwenye haki ya kutulaumu!

Jambo hili latuhusu sana watu wa pembezoni mwa mji. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haitoshi, watumishi wengi wa Dar es Salaam walianza kufuga ng'ombe wa maziwa, kuku na nguruwe nyuma ya nyumba zao. Majani ya mifugo hukatwa kando ya barabara na mabondeni. Mtu akijisaidia majanini, au choo kikifurika wakati wa masika, mayai ya tegu huweza kufika horini.

Tegu wa nguruwe ana hatari kubwa zaidi. Mayai yake yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa, huweza kufanya vifuko hata katika ubongo, na kuleta kifafa. Si kila kifafa hutokana na tegu. Lakini ni wangapi waliosemwa wamerogwa, na kumbe ni mnyoo? Wala asiyekula nguruwe asidhani yu salama. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi 4 wa New York, watu wasioigusa nyama hiyo, waliopatwa na ugonjwa huo. Mayai yalidhaniwa kuletwa na watumishi wa nyumbani waliokuwa na tegu.

Tufanyeje, basi? Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikusanyika vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakachimba vyoo. Hawakuchimba kwa ajili ya tegu hasa, lakini kila choo kizuri kilimfungia tegu njia.

Nyama na ipikwe mpaka ndani isiwe nyekundu, tena iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri. Nguruwe afungiwe bandani. Mikono inawiwe, na mboga zioshwe kwa maji safi. Aonaye pingili katika choo chake asione haya. Aende zahanati, maana dawa iko, ila apewe na mwenye kuijua. Lakini la kwanza ni choo, kwa kuwa mkaguzi wa nyama humkuta tegu amekwisha fika kwa mnyama, bali choo humzuia asitoke kwetu. Sisi ndio tuliompeleka zizini. Ni juu yetu kumkatia safari.