Usisafirie Spana ya Mwenzio

Wahenga walituusia tusisafirie nyota ya mwenzetu. Lau wangekuwapo leo, wakapanda pikipiki kutoka Mbulu kwenda Haydom wakati wa masika, bila shaka wangeongeza: wala usisafirie spana ya mwenzio. Juma hili tuzungumze habari za kitu kidogo kisichotajwa sana katika vitabu vya historia, nacho ni mfuko wa spana unaofungwa nyuma ya pikipiki.

Sisi wa mjini pikipiki ikizima tunaisukuma hatua hamsini, tunamkuta fundi chini ya mwembe. Mbulu na Hanang, wilaya zilizokuwa za Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipozaliwa mwaka 2002, zina mambo yake. Ukitokea Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu, sharti uupande mlima Magara, ukuta wa Bonde la Ufa wenye kona za kukata pumzi. Ukienda Basotu, nyuma ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, utakutana na udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha, udongo huo hujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka.

Katika miaka ya 1970 na 1980, wenye pikipiki katika nchi ile walihesabika: bwana shamba, bwana mifugo, mganga, padri na mwinjilisti. Tena ilikuwa enzi ya uhaba. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, na vipuri vikaadimika pamoja na sabuni na sukari. Hata mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO huko Hanang, yaliyolimwa juu ya malisho ya Wabarabaig kwa msaada wa Canada, yalitegemea mashine na vipuri kutoka ng'ambo. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kwa hiyo mpanda pikipiki wa enzi hizo alikuwa gereji inayotembea. Asiyejua kuziba pancha hakuwa na haja ya kuanza safari.

Kumbe mbali kabisa, huko Japani, wahandisi wa kampuni ya Honda walikuwa wamekwisha kuliona tatizo hilo. Waligundua kwamba katika nchi zetu pikipiki hupakiwa kupita kiasi, na oili hubadilishwa mwenyewe akikumbuka. Mwaka 1976 wakaleta Honda CG125. Injini yake ilikuwa ya kizamani kwa makusudi: vali zilisukumwa kwa vijiti, jambo lililopunguza vitu vya kurekebishwa. Mnyororo nao ulifunikwa wote usiliwe na vumbi. Baadaye viwanda vya China viliiga umbo la injini ile, na pikipiki nyingi za Kichina zilizomiminika nchini katika miaka ya 2000 ni wajukuu zake.

Hapo ndipo historia ilipogeuka. Kwa kuwa injini nyingi zilifanana, vipuri vyake navyo viliuzika. Mwaka 2010 zilitungwa kanuni za leseni kwa pikipiki za kubeba abiria, na bodaboda ikawa kazi inayotambuliwa. Leo Dongobesh, Haydom na Katesh hukosi duka lenye plagi, tyubu na waya wa klachi. Mfuko wa spana ukahama kutoka kwenye kiti cha dereva, ukaenda kukaa dukani.

Je, hayo si maendeleo? Ni maendeleo, tena makubwa. Lakini duka hufungwa jioni, na ugonjwa haufuati saa za duka. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, hupokea watu kutoka mbali, na pikipiki imekuwa gari la wagonjwa la maskini. Mama mwenye uchungu akitolewa Yaeda Chini usiku, waya wa klachi ukakatika njiani, simu ya dereva itamsaidia nini pasipo na mtandao? Maisha ya watu wawili yatakuwa yananing'inia kwenye waya mwembamba kuliko kalamu.

Tusimlaumu dereva peke yake. Wengi wao pikipiki si zao. Kila jioni wanapeleka hesabu kwa tajiri. Tajiri anasema spana ni juu ya dereva, dereva anasema ni juu ya tajiri, na nyuma ya kiti pakabaki pa gunia. Kwa upande wa pili, wapo watalii wanaopita kwa pikipiki kubwa zenye masanduku ya bati kila ubavu. Vifaa wanavyo tele, lakini kipuri cha injini yao hakipo Katesh wala Babati. Huyu kabeba mno, yule hakubeba kitu.

Njia ya kati haina gharama kubwa. Tyubu moja, viraka na solusheni, pampu, vyuma viwili vya kubandulia tairi, spana za nati za magurudumu, koleo, bisibisi, plagi na kifungio cha mnyororo. Waya wa klachi wa akiba unaweza kulazwa sambamba na ule unaotumika, ukafungwa kwa utepe, usichukue nafasi yoyote. Vyote hivyo vinaenea katika mfuko mdogo kuliko debe.

Tajiri anayenunua pikipiki na anunue na mfuko huo siku ile ile, auhesabu kuwa sehemu ya chombo kama taa na breki. Wazee wetu walipanda Magara na spana zao wakati nchi haina kitu. Itakuwa aibu sisi kukwama gizani, na kipuri kimejaa dukani.